Dimbwi la Stesheni ya Oldemaar

Jumatatu, 3 Septemba

Daftari hili nimelinunua kwa hasira, na kitu kilichonunuliwa kwa hasira usipokitumia kinakusuta.

Asubuhi nimekuta bango limebandikwa kwenye mlango wangu. Sawa, mlango ni wa reli, si wangu. Lakini miaka yote hii nimekuwa nikiufungua mimi, nikauza kahawa na supu ya njegere ndani ya chumba cha kusubiria cha daraja la tatu, na hapa Oldemaar hakuna anayekiita daraja la tatu tena. Wanasema, "Tukutane kwa Fenna." Bango linasema halmashauri "inatafakari upya mustakabali wa jengo la stesheni". Nawajua hao. Halmashauri ikianza kutafakari kitu, kitu hicho kina siku zake.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni jina lililo chini kabisa: Mhandisi J. Hoekstra. J ni Jorien. Jorien ni mwanangu, na sina mwingine.

Jana alikuja kwangu. Akala viazi vyangu, akaosha vyombo, akaniuliza habari za goti. Habari za bango, kimya.

Jumanne, 4 Septemba

Mlango umekwama tena. Nimeusukuma kwa bega. Mvua hakuna tangu Juni, nyasi za kando ya reli zimegeuka rangi ya jibini kuukuu.

Jumapili, 9 Septemba

Jorien kaja. Nilimsubiri amalize kukoroga kahawa ndipo nikamwuliza, maana baba yake alinifundisha kuwa mtu haulizwi jambo kabla ya kikombe cha kwanza.

"Kwa hiyo unanibomolea?"

"Mama, nani kasema kubomoa?"

"Bango limesema kutafakari."

"Nguzo zimeoza, Mama."

Akanieleza kama vile mimi ni mgeni. Kila mtu anajua kuwa stesheni haikukaa juu ya ardhi. Ardhi yenyewe iko wapi? Chini ya Oldemaar ni tope tu, na chini ya tope, mbali huko, ndiko mchanga ulipo. Waliojenga walishindilia magogo ya msonobari mpaka yakagota kwenye mchanga, kisha wakaweka jengo juu ya vichwa vya magogo. Msonobari ukizama majini kabisa haufi, hata karne zipite. Ukitokeza kichwa tu hewa ikaugusa, kuvu wanauvamia. Hayo mwanafunzi wa shule ya msingi huku kwetu anayajua.

"Basi sema umekosea kupima," nikamwambia.

"Mlango wako unakwama, Mama. Unakwama kwa sababu upande ule unazama."

"Unakwama kwa ukame. Mbao zimepinda."

Akanitazama kama baba yake alivyokuwa akimtazama abiria anayebisha kuwa treni haijaondoka huku anaiona inakata kona. Sikumpa keki ya pili. Huku kwetu hatuna desturi ya keki ya pili, lakini kwa Jorien huwa nakata.

Jumanne, 18 Septemba

Kamati ya Marafiki wa Stesheni imekutana kwangu. Mwenyekiti ni Bwana Roelof, aliyewahi kufundisha historia, mzee mrefu mwenye skafu hata wakati wa joto. Akianza kuzungumza, kahawa inapoa, na mimi huwa namwacha kwa sababu kwa kweli anaipenda hii nyumba.

Leo kaeleza tena, na tena nimesikiliza. Kwamba reli ilipofika, Oldemaar ilikuwa bado ina ngome na mizinga, na sheria ya jeshi ilikataza mtu kujenga kwa matofali mbele ya mizinga. Ukitaka kujenga nje ya ukuta, jenga kwa mbao, ili adui akija tuiteketeze haraka asipate pa kujificha. Ndiyo maana miji mingine ina stesheni za matofali mekundu zenye minara kama makanisa, na sisi tuna banda refu la mbao lenye urembo wa mbao uliokatwakatwa kama lesi ukingoni mwa paa. Mafundi waliambiwa lisidumu. Wakaunga mihimili kwa vigingi bila misumari, na kwenye kila kiungo wakachonga alama kwa patasi, huu wa kwanza, huu wa pili, ili jeshi likitaka kulishusha lishuke kwa siku moja na mbao zisipotee.

"Stesheni ya muda!" Roelof akapaza sauti, kidole juu. "Iliyojengwa ichomwe! Ngome imevunjwa, mizinga imeyeyushwa, yenyewe ipo!"

"Hata matofali tuliahidiwa," akadakia Coby, jirani yangu, anayekuja kila siku na kuagiza kahawa moja akaikalia saa nzima. "Bibi yangu alikuwa akiyasubiri."

Tukacheka. Kisha Roelof akasema kwa utaratibu wake: "Bi Fenna, samahani. Bintiyo yuko upande gani?"

Nikajibu: "Bwana Roelof, binti yangu alizaliwa ghorofani juu ya kichwa chako. Baba yake, Evert, alikuwa mkuu wa stesheni. Atakuwa upande gani?"

Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyokuwa na hakika.

Walipoondoka nimefuta mihimili kwa kitambaa. Alama za patasi zipo zote, ninazijua kwa vidole. Nilipoweka kijiko kwenye kaunta, kimeteleza polepole kuelekea mlangoni. Nimekirudisha. Kikateleza tena.

Jumatano, 26 Septemba

Mvua ya kwanza. Watu wametoka nje bila miavuli kama vichaa. Kwenye uwanja mbele ya stesheni hakuna hata tone lililotuama. Coby kasema, "Mungu amrehemu Evert na mfereji wake," na mimi nikajisikia vizuri siku nzima.

Niuandike huo mfereji, kwa kuwa ni kitu pekee hapa chenye jina la mume wangu. Zamani mbele ya mlango palikuwa na dimbwi lisilokauka, kiangazi na masika. Siku ya kwanza ya Jorien kwenda shule kwa treni, mtoto na viatu vyake vipya akatumbukia mpaka magotini, akalia njia nzima. Evert akaapa kuwa hakuna tena mtu atakayelowa miguu kwenye stesheni yake. Akasumbua ofisi zote mpaka wakauchimba mfereji mrefu wa chini kwa chini, unaoanzia chini ya ukuta wetu mpaka kwenye mto. Mji ukaweka kifuniko cha chuma chenye jina lake. Roelof ndiye aliyesoma hotuba.

Jumanne, 9 Oktoba

Mkutano wa hadhara umefanyika humu humu chumbani kwangu. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, watu wamejazana, makoti yanatoa mvuke, baiskeli zimeegeshwa mpaka kwenye maua. Kila msemaji dakika tatu, awe profesa au mchuuzi wa samaki. Ndivyo tulivyo, hata nyumba ikiungua tutapeana zamu ya kusema kabla ya kuchota maji.

Mwenyekiti wa madiwani kasema kuna njia mbili. Ama jengo libomolewe, pajengwe maegesho ya baiskeli chini ya ardhi na stesheni ya vioo juu yake. Ama nguzo zitengenezwe. Kura ni tarehe ishirini na saba Novemba.

Jorien akasimama. Amevaa lile koti la bluu nililomshonea kifungo. Akaonyesha picha za nguzo. Watu wakaguna.

Roelof akauliza: "Mhandisi, nguzo zilikaa salama majini tangu enzi za mababu. Leo zimeoza. Maji yameshuka. Nani kayashusha?"

Jorien akanitazama, kisha akatazama sakafu.

"Hilo bado sijalithibitisha," akasema.

"Hujathibitisha au hutaki?"

"Sina la kuongeza."

Mwenyekiti wa madiwani akasema, na kwa hili siwezi kumlaumu, kwamba kama chanzo hakijulikani, kutengeneza nguzo ni kuteka maji kwa pakacha. Tutaweka nyingine zioze vilevile. Kura zinaelekea kwenye kubomoa, kasema, labda ipatikane sababu.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimepanga kuzungumzia mihimili. Nilikuwa nimepanga hata kuhadithia vita, jinsi askari wetu walivyokuja na mapipa ya mafuta kulichoma jengo kama sheria ilivyotaka, wakakuta akina mama na watoto wamelala humu, wakageuza gari. Badala yake nikamgeukia mwanangu mbele ya mji mzima.

"Baba yako angekuwa hai," nikamwambia, "angeona aibu."

Hakuna aliyepiga makofi. Roelof mwenyewe alitazama skafu yake. Jorien akakusanya picha zake moja moja, akazipanga vizuri, akatoka. Mlango ulimkwamia. Akausukuma kwa bega, kama mimi.

Jumatano, 10 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 21 Oktoba

Siku yangu ya kuzaliwa. Viti tumevipanga duara sebuleni, kama inavyotakiwa, magoti yanatazamana. Kahawa, keki ya matofaa kipande kimoja, halafu vipande vya jibini. Nilijua hatakuja.

Amekuja. Kaingia na maua, amelowa, akazunguka duara lote akimpa kila mtu mkono. Na kwa kuwa huku kwetu hapongezwi mwenye siku peke yake bali na jamaa zake wote, ilibidi kila mmoja ampongeze.

"Hongera kwa mama yako, Jorien."

"Asante."

"Hongera sana kwa mama yako."

"Asante, Bi Coby."

Roelof naye: "Hongera kwa mama yako, Mhandisi." Hilo la mhandisi lilikuwa na mwiba.

Kafika kwangu, akaniinamia, akanibusu mara tatu mashavuni, baridi kabisa. "Hongera, Mama." Nikasema asante. Akakaa kwenye kiti kilichobaki, kando ya Roelof, akala keki yake mpaka makombo. Nilitaka kumwambia samahani. Badala yake nikamwuliza kama anataka maziwa kwenye kahawa, mtu niliyemnyonyesha mimi mwenyewe na ninayejua kuwa maziwa hanywi.

Alipokuwa anaondoka akaniambia mlangoni: "Ijumaa ya tarehe mbili tunachimba shimo kando ya ukuta wako. Njoo uone. Vaa viatu vibovu."

Ijumaa, 2 Novemba

Nimekwenda. Nilitaka nimwone anavyokosea.

Shimo limechimbwa pale pembeni ya mlango wangu, kuta zake zimezuiwa kwa mbao. Jorien alinishika mkono kwenye ngazi, hatua kwa hatua, akinikumbusha goti. Chini kulikuwa na harufu ya majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika. Ndipo nikaziona nguzo. Maisha yangu yote nimetembea juu yake na sikuwa nimeziona.

"Shika hapa," akasema.

Nikashika kichwa cha nguzo. Kidole kikaingia. Mti ulimeguka kama mkate mkavu uliochovywa kwenye kahawa.

"Sasa shuka chini. Hapa, chini ya maji."

Nikaingiza mkono kwenye maji baridi mpaka kwenye kiwiko. Huko chini gogo lilikuwa gumu, gome lake bado lipo. Jinsi lilivyopigwa ndivyo lilivyo. Nililishika nikashindwa kuliachia. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha, kwa nini niyafiche mbele ya mtoto wangu?

Kati ya ugumu na uozo palikuwa na mstari ulionyooka. Maji yalikuwa yamesimama pale pale kwenye mstari. Juu ya ardhi mvua ilikuwa ikinyesha kwa wiki tatu mfululizo, na bado maji ya shimoni hayakupanda hata kidogo. Yalikuwa yakija upande wa kushoto na kuondoka upande wa kulia, taratibu, bila haraka, kama watu wanaoijua njia.

"Yanakwenda wapi haya maji?" nikauliza.

Jorien akajifanya anapangusa ngazi.

Nikatazama kulia. Kulikuwa na mdomo wa bomba la udongo, mzuri, uliowekwa kwa uangalifu, na maji yaliingia humo. Nikanyanyua macho. Juu ya bomba, kwenye ukingo wa shimo, nikaona kifuniko cha chuma walichokiinua na kukiegemeza. Jina lilisomeka vizuri hata kutoka chini.

Nikamwambia: "Nitoe humu."

Akanitoa. Nilifungua mkahawa, nikauza supu, nikarudisha chenji ya watu. Sijui nilimrudishia nani nini.

Jumatatu, 5 Novemba

Coby kaingia akikung'uta mwavuli. "Mungu amrehemu Evert," kasema. Nikaenda jikoni nikakaa.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimepanda baiskeli mpaka kwa Jorien, upepo usoni njia nzima. Huku mtu haendi kwa mtoto wake bila miadi. Nilikwenda bila miadi. Alipofungua mlango alidhani kuna msiba.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na siku ile ya mkutano, Roelof alipokuuliza..."

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukusema? Ningeacha kukutukana!"

"Niseme nini? Kwamba baba ndiye aliyeiua stesheni?" Sauti yake ilipanda, na mimi sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Mimi ndiye niliyetumbukia kwenye lile dimbwi. Alinichimbia mimi. Mji mzima wanamwombea rehema kila mvua ikinyesha, na wewe unatabasamu kila wakisema. Nilikuona pale mbele umekaa na kitambaa chako cha kufutia mihimili. Nikajisemea, achana na mbao. Mbao si baba."

"Nilisema angeona aibu."

"Nilisikia."

"Mwanangu, nilisema mbele ya watu wote."

"Nilisikia, Mama. Nilikuwepo."

Tulilia kila mtu kwenye kiti chake, kisha tukalia kwenye kiti kimoja. Alipotulia nikamwuliza kama mfereji ukizibwa kuna kinachookoka. Akasema kipo: vichwa vilivyooza vinakatwa chini ya maji, panawekwa zege juu yake, na maji yakiachwa yapande, kilichobaki kitadumu kuliko wajukuu. Lakini lazima jengo liondolewe juu kwanza, na lazima mji ukubali kulowa miguu. Na ili ukubali, lazima uambiwe sababu.

"Nikiambiwa na wewe nisiseme, sitasema," akasema. "Libomolewe. Mimi nitabaki kuwa mbaya, nimeshazoea."

Nilirudi upepo ukinisukuma mgongoni, na sikujua ninataka nini.

Jumamosi, 17 Novemba

Mtakatifu Nikolasi, mleta zawadi wa watoto, kafika. Miji mingine huijia kwa meli. Mto wetu hauna kina, kwa hiyo kwetu huja na treni, ndevu na fimbo vikitokeza dirishani. Watoto kibao jukwaani. Safari hii walizuia watu wasipite ndani ya jengo, kwa kuhofia uzito. Watoto walizungushwa nyuma, wakanyeshewa. Mlango wangu ulifungwa kwa kamba. Mtakatifu kapita mbele yake akaupungia mkono.

Nikamvuta Roelof kando, nikamwambia habari ya mfereji. Nilitegemea aruke kwa furaha, maana sababu imepatikana. Akakunja skafu yake, akaifungua, akaikunja.

"Bi Fenna, hilo tuliache."

"Tuliache vipi? Kura imebakiza siku kumi!"

"Hotuba ya kile kifuniko niliisoma mimi. Kamati yetu ndiyo iliyozunguka kuuombea huo mfereji. Watatucheka mji mzima! Marafiki wa Stesheni!" Akashusha sauti. "Na Evert alikuwa rafiki yangu. Heri lianguke kwa heshima."

Miaka yote nilidhani huyu bwana analipenda jengo, na Jorien hana habari nalo. Kumbe sikujua kusoma watu. Hata hivyo sikuweza kumchukia. Lile alilosema juu ya Evert hata mimi lilikuwa limenikaa kooni. Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo, lakini aliyesema hayo hakuwa mjane.

Jumanne, 27 Novemba

Naandika kabla sijavua koti.

Chumba kimefungwa, kwa hiyo tumekutana kanisani, baridi ya kukata masikio. Madiwani mbele. Roelof kasema dakika zake tatu juu ya mababu na heshima. Vizuri sana. Hakugusa mfereji. Jorien alikuwa upande wa kushoto na koti lake la bluu. Hakunitazama hata mara moja. Nadhani alifanya makusudi, ili nisione kama ananiomba.

Zamu yangu ikaitwa. Nikaenda bila karatasi.

"Mnanijua," nikasema. "Mimi ni mjane wa Evert Hoekstra. Mara ya mwisho niliposimama mbele yenu nilimtukana binti yangu. Leo nitamjibia lile swali aliloulizwa. Aliyeshusha maji ni mume wangu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ah, Fenna, jamani."

"Niacheni nimalize, nina dakika tatu kama nyinyi. Mfereji wa Evert unanyonya maji kutoka chini ya ukuta, mchana na usiku, kiangazi na masika. Nimeingiza mkono humo. Alitaka mtoto wake asilowe miguu. Sisi wote tulimshangilia, maana sisi tukiona sehemu kavu tunadhani tumeshinda. Hakujua. Mngemwambia asingelala mpaka auzibe kwa mikono yake. Jorien alijua, akakubali mumwite mwongo ili mimi niendelee kumsikia baba yake akiombewa rehema. Basi msimwombee kwa ajili ya mfereji. Mwombeeni kwa kuwa alikuwa mtu mwema aliyekosea. Zibeni huo mfereji. Lishusheni jengo kama mafundi walivyolitengeneza lishushwe, alama zipo, nitawaonyesha zote. Mtalowa. Na mlowe!"

Nikaona kengele ya dakika tatu haijalia, na sina tena la kusema. Nikabaki nimesimama.

Coby ndiye aliyeanza. Hakupiga makofi, alisimama tu, na mkoba wake tumboni. Kisha wengine. Roelof alikuwa wa mwisho, lakini alisimama, akavua skafu yake akaikamata mkononi kama mtu aliye makaburini.

Kura zilipohesabiwa, kutengeneza kumeshinda kwa kura moja. Itachukua miaka. Mkahawa hakuna aliyeniahidi, na kwa umri wangu siwezi kusubiri ahadi.

Jorien kanifuata nje. Kanifunga kifungo cha juu cha koti kama mtoto. "Twende ukale supu," akasema. "Si yako. Yangu."

Ilikuwa na chumvi nyingi. Nimekula bakuli mbili.

Jumatano, 5 Desemba

Mkesha wa zawadi. Kama kawaida kila zawadi na shairi lake la kumchokoza mwenyewe, na kama kawaida lazima ulisome kwa sauti hata kama linakuvua nguo. Langu lilikuwa limefungwa kwenye mabuti ya mpira, mekundu!

*Bibi wa kahawa chungu, mwenye ulimi wa moto,*
*Kawakemea wakubwa, kama akemea toto;*
*Mtakatifu nasema, nimekuletea zito:*
*Vaa hizi miguuni, maji yaja kama mto.*

"Mtakatifu ana mwandiko kama wako," nikamwambia Jorien.

"Labda tulisoma shule moja."

Alhamisi, 20 Desemba

Mfereji ulizibwa Ijumaa iliyopita. Tangu hapo mvua haikupumzika.

Leo nimekwenda kufunga mlango kwa mara ya mwisho. Mafundi wanaanza Januari. Nilikuwa nimebeba ufunguo na kitambaa changu. Nimefuta mihimili, nikagusa kila alama. Nimezima taa. Mlango haukutaka kufunga, nikaupiga bega, ukakubali.

Nilipogeuka nimeliona. Mbele ya ngazi, pale pale lilipokuwa zamani, maji yametuama. Si mengi, sinia moja hivi, anga la kijivu limo ndani yake. Abiria wa treni ya saa tisa walilizunguka wakinung'unika. "Halmashauri hii!" mmoja akasema. Nilitaka kumwambia, nikamwacha.

Jorien alikuwa amesimama ng'ambo ya dimbwi, amekuja kunipokea. Kakikwapua kile kifuniko cha chuma, kakifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba.

"Wangekiyeyusha," akasema. "Unakitaka?"

"Nakitaka."

"Mabuti yako yako wapi?"

Nilikuwa nimeyasahau nyumbani, nimevaa viatu vyangu vya kazini. Jorien akatazama viatu vyangu, akatazama dimbwi, kisha mwanamke mzima, mhandisi, mwenye koti la bluu, akapiga hatua akaingia katikati ya maji akaninyooshea mkono. Nikaingia. Maji yalikuwa baridi mpaka kwenye kifundo. Tukasimama humo watu wakitushangaa.

Kile kifuniko tumekiweka kizingitini kwangu, mahali pa kufutia miguu. Jorien aliniuliza kama si vibaya kukanyaga jina la baba. Nikamwambia, huyo alikuwa akigombeza miaka yote watu wanaoingia ndani na tope. Nimefuta viatu vizuri, kushoto, kulia, kama alivyokuwa akitaka, ndipo nikaingia.